Sindano ya Pili

Tarehe 3 Machi

Kwa Mama Bendeji,

Shikamoo Mama. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na yale magoti uliyoyalalamikia mwaka jana yameshapata adabu. Sisi huku hatujambo. Mke wangu anakusalimu, watoto wanakusalimu, hata paka angekusalimu kama asingekuwa na kiburi. Simu yako nimeacha kuipiga. Najua inaita ndani ya kabati la nguo mpaka inachoka.

Leo imetimia miaka tisa tangu nitoke wodini kwako, na siwezi kuiacha siku hii ipite bila kukushukuru. Wewe umeuguza watu wengi, huenda wengine umewasahau, kwa hiyo kila mwaka nakukumbusha: mimi ni yule fundi wa kuchomelea aliyekata pipa kuukuu ambalo mwenye nalo aliapa ni tupu. Lilikuwa tupu kweli, ila mvuke wa petroli ulikuwamo, likanilipukia. Karibu wiki sita nililala kitanda cha saba, mkono wa kulia umemenyeka kuanzia kiwiko hadi kucha, na kila asubuhi saa tatu ulikuja na kigari chako cha bandeji. Magurudumu yalikuwa yakilia, nami nilikuwa naanza kulia kabla hujafika mlangoni.

Sasa Mama, leo sikuandiki kwa shukrani peke yake. Mkono umeanza kunisaliti. Kovu linavuta. Kidole kidogo na cha pete vimejikunja kiganjani havitaki kunyooka, na cha kati kimeanza kuwafuata wenzake. Koleo nalishika kama kaa wa pwani. Daktari wa mikono amesema atalikata kovu, achukue ngozi ya pajani abandike. Tarehe ni 6 Mei. Nikikawia mpaka mwisho wa mwaka viungo vitaganda, na hapo hata yeye hatakuwa na la kufanya. Usipoziba ufa utajenga ukuta, hilo nalijua.

Kisu sikiogopi, maana nitakuwa nimelala. Ninachoogopa ni kubadilishwa bandeji baada yake. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka; mimi nikisikia gurudumu linalia, hata la mkokoteni barabarani, jasho linanitoka.

Ndiyo maana nakuomba kitu kimoja. Ulikuwa ukinipa sindano ya kwanza kabla hujafungua bandeji. Ilikuwa nzuri, lakini iliishiwa nguvu katikati ya kazi. Halafu ukanipa ile ya pili, kwenye mpira wa dripu, mkono wa kushoto. Ile ndiyo iliyoniokoa. Ulikuwa ukiniambia, "Hii ina ubaridi kidogo. Itapanda begani, ivuke kifua, ishuke kwenye mkono mbaya. Hesabu hadi ishirini." Nikifika kumi na mbili maumivu yameshakaa pembeni kama mgeni anayengoja kuitwa. Tafadhali niandikie jina la dawa ile. Hapa nimewauliza wote, hakuna anayeijua.

Mwanao wa kitanda cha saba,
Fundi Cheche


Tarehe 19 Machi

Mwanangu Cheche,

Marahaba. Barua yako imefika, na kama kawaida nimeisoma nimesimama dirishani, kwa sababu miwani yangu na taa ya sebuleni haviivani. Magoti hayajapata adabu, ila tumezoeana. Msalimu mke wako na watoto. Paka mwambie nami nina kiburi.

Nimesikitika kusikia habari ya mkono. Nenda ukafanyiwe, usisite hata siku moja. Vidole vikiganda havibembelezwi.

Kuhusu ile dawa, jina limenitoka. Ndio uzee. Na nadhani haitengenezwi tena siku hizi. Lakini usijali, wauguzi wa sasa wana mashine na dawa ambazo sisi hatukuziota. Watakutunza vizuri kuliko nilivyokutunza mimi. Wewe nenda tu, wala usimsumbue mtu kwa habari za sindano ya pili.

Mama yako,
Bendeji


Tarehe 2 Aprili

Kwa Mama Bendeji,

Shikamoo. Hali zetu si mbaya, ingawa nyumbani kuna ukimya wa kukatwa kwa msumeno, na sababu ni mimi.

Mama, nilipoisoma barua yako kwamba dawa ile haitengenezwi tena, nilikaa kitako. Siku chache baadaye nilikwenda kwa daktari wa mikono nikaifuta tarehe. Nimemwambia mkono ukae hivyo hivyo ulivyo. Ninajijua. Ile ya kwanza peke yake hainitoshi, nilishaijaribu siku tatu za mwanzo kabla hujanianzishia ya pili, na siku zile tatu sizitamani hata kwa adui yangu.

Mke wangu hasemi nami vizuri. Anasema mkono huu si wangu peke yangu, umelisha nyumba nzima, na sina haki ya kuuacha ufe kwa woga. Nimejaribu kuchomelea kwa kushoto. Jana nimetengeneza bawaba ambayo mlango ukifunguka unaonekana umelewa. Mteja amekuwa mstaarabu, amecheka. Lakini wateja hawacheki mwaka mzima.

Kabla ya kufuta tarehe nilifanya jambo moja ambalo naomba usikasirike. Nilimwomba mtunza mafaili wa hospitali anitafutie faili langu la zamani, nikidhani jina la dawa litakuwamo. Alilipata, limeliwa na panya pembeni tu. Nimebadilishwa bandeji mara thelathini na nane. Kila mara imeandikwa sindano moja. Moja! Nikamwambia zilikuwa mbili. Akaniangalia kwa huruma akasema labda niliota. Mama, mtu anaota ndoto moja asubuhi thelathini na tano mfululizo, saa tatu, macho yamemtoka?

Nimefikiri sana, na nadhani nimeelewa. Ulikuwa ukiitoa mahali usiporuhusiwa, ukahatarisha kazi yako kwa ajili yangu, ndiyo maana hukuandika, na ndiyo maana hata leo hutaki kuitaja. Kama ni hivyo, siri yako nitazikwa nayo. Deni hilo siwezi kulilipa. Lakini kama ipo hata chupa moja popote duniani, niambie.

Mwanao,
Cheche


Tarehe 11 Aprili

Mwanangu Cheche,

Kama umesimama karakanani, zima mashine kwanza, ukae. Barua hii nimeichana mara tatu, na hii ya nne naipeleka posta kabla wino haujakauka nisije nikaichana nayo. Mficha uchi hazai.

Ndani ya sindano ya pili hapakuwa na dawa. Yalikuwa maji ya chumvi.

Siku ya nne tangu uletwe, sindano ya kwanza iliishiwa nguvu nikiwa nimefika kwenye vidole. Kukuongezea sikuruhusiwa mpaka zipite saa nne. Ningekuongezea ungeweza kuacha kupumua mbele yangu. Mpira wa dripu ulikuwa umeanza kuziba, nikavuta maji ya chumvi kwenye bomba la sindano nikausafisha. Ni kazi ya kawaida, tunaifanya mara kumi kwa siku bila hata kumwambia mgonjwa. Wewe ukaliona bomba. Ukafumba macho, ukasema, "Asante Mama, imeingia." Mabega yako yakashuka. Nilikuwa nimekishika kidole chako kidogo kwa kibanio, na mkono hukuutoa.

Hapo ningekwambia, "Hapana baba, hayo ni maji." Sikusema. Kesho yake nikafanya kwa makusudi, na nikaongeza maneno. Habari ya kupanda begani na kuvuka kifua, ya kuhesabu hadi ishirini, yote niliitunga nikisukuma kigari. Faili halikukudanganya. Niliyekudanganya ni mimi.

Usidhani nilikuona mjinga, wala kwamba maumivu yako yalikuwa ya kujifanya. Mkono ulikuwa umemenyeka, nani asiyeuona? Baadaye nilimwuliza daktari wetu mzee, bila kukutaja. Akaniambia mwili una dawa yake wenyewe ya maumivu, na mtu anayetarajia nafuu kwa moyo wote huitoa dawa hiyo bila kujua. Anayetarajia mateso naye mwili humwongezea mateso. Ndiyo maana ulikuwa ukilia kigari kingali mbali. Alisema hiyo haiponyi kidonda, na haifanyi kazi sawa kwa kila mtu, lakini maumivu yaliyopungua yamepungua kweli. Kwa hiyo nafuu yako ilikuwa ya kweli, mwanangu. Maneno yangu ndiyo yalikuwa ya uongo.

Na barua yangu ya Machi ilikuwa uongo wa pili. Wa kwanza niliusema nikiwa na kibanio mkononi na mtu anaumia. Wa pili niliusema nimekaa na chai yangu, kwa kuogopa tu kuzikosa shukrani zako. Huo hauna udhuru. Na sasa huo ndio unaoula mkono wako.

Usiitafute dawa ile. Karudishe nafasi yako. Nisamehe ukiweza. Usipoweza, nenda hata kwa hasira. Daktari wa mikono hana shida na hasira.

Mama yako, kama bado waniita hivyo


Tarehe 16 Mei

Cheche,

Hujambo. Tarehe sita imepita na sijui kama nafasi yako ilirudishwa.

Sikuandikii kuomba msamaha tena, nilishaomba. Nataka kujua tu kama umekwenda. Niandikie neno moja, "nimekwenda" au "sikwenda", hata bila salamu. Mzee wa posta ameshanizoea. Akiniona mlangoni huinua mikono mitupu kabla sijauliza.

Bendeji


Tarehe 28 Juni

Kwa Mama yangu Bendeji,

Nimekwenda.

Sasa shikamoo. Nisamehe kwa kukuweka roho juu. Barua yako ya Mei ilinikuta nimeshalazwa, na hii naandika kidogo kidogo, mistari mitatu kwa siku, kwa hiyo usishangae ukiona wino umebadilika.

Ile ya Aprili niliisoma karakanani, nimezima mashine kama ulivyoniambia. Nilitaka kuitia moto, na moto ninao wa kutosha. Kilichoniuma si maji. Kilichoniuma ni ile miaka tisa ya kuwasimulia watu habari ya dawa ya ajabu ya kitanda cha saba, kumbe nasimulia habari ya chumvi. Nilimwambia mke wangu, "Njia ya mwongo ni fupi, lakini huyu kaenda miaka tisa hajachoka!" Akaniacha nibwate mpaka nikaishiwa pumzi. Halafu akasema, "Asubuhi thelathini na nane amekuinamia anakutoa ngozi iliyokufa, na wewe umeshikilia maji." Akaondoka akaenda kuanua nguo. Siku mbili sikusema naye. Ya tatu nikaenda kurudisha nafasi, na kweli nilikwenda kwa hasira. Nikapangiwa tarehe 27 Mei.

Kubadilishwa bandeji mara ya kwanza kulikuwa kubaya. Nesi wa asubuhi ni binti mpole, mikono mizuri, lakini haongei. Dawa inatoka kwenye kimashine kilichofungwa kwenye nguzo ya dripu. Kinakohoa kidogo, kinanyamaza. Sikujua dawa imeingia lini, wala kama imeingia. Nilipiga kelele mpaka jirani yangu akaomba ahamishwe kitanda.

Mara ya pili nilimwambia, "Mwanangu, mimi nimeshadanganywa na bingwa, kwa hiyo uongo sitaki. Nataka uniambie ukweli, lakini uniambie: unanipa nini, kinaingia saa ngapi, nitakisikiaje." Akashangaa. Akakiangalia kimashine, akaniangalia mimi, akavuta stuli akakaa. Akasema, "Dawa inaingia sasa hivi, baba. Ni dawa kali. Baada ya dakika tano mkono utaanza kuwa mzito. Nitakaa na wewe mpaka uwe mzito." Akakaa kweli, ameweka mikono magotini, anaangalia saa ya ukutani pamoja nami. Dawa ileile ya juzi, Mama, na kipimo kilekile, nilimwuliza. Lakini safari hii niliisikia ikifika.

Ilipoanza kuchoka, nikamwomba asafishe mpira kwa maji ya chumvi. Akasema, "Mbona haujaziba?" Nikamwambia, "Najua haujaziba, na najua ni maji. Safisha hivyo hivyo, polepole." Nikafumba macho nikahesabu. Sitakudanganya, mmoja wetu anatosha. Zamani nilikuwa nikifika kumi na mbili maumivu yameshajitenga. Safari hii nilifika ishirini, nikaanza upya, na yaliyopungua labda ni robo. Lakini hiyo robo, Mama, ni vidole viwili vilivyosafishwa bila mimi kupiga kelele. Binti hakucheka. Kesho yake alikuja na stuli yake mwenyewe.

Vidole vimenyooka. Cha pete na cha kati havina neno. Kidogo bado kimeinama kidogo, kama mtoto aliyekaripiwa. Daktari amesema kwa mazoezi kitakubali. Wiki ijayo naruhusiwa kushika koleo jepesi.

Nimepata muda mwingi wa kuwaza pale kitandani. Miaka yote nilikuwa nashukuru chupa, na wewe nakutaja kama aliyeileta. Sasa chupa haipo, na shukrani zote zimebaki, hazina pa kwenda ila kwako. Basi zichukue. Nakushukuru kwa asubuhi zile thelathini na nane. Nakushukuru kwa maji. Nakushukuru zaidi kwa barua ya Aprili, maana najua ilikuwa ngumu kuliko bandeji yoyote. Bila ile nisingekwenda, na mkono ungekuwa umekwisha.

Mke wangu ana swali, mimi nimeona haya kuliuliza. Anasema mimi nilikuwa na wewe. Wewe ulikuwa na nani?

Mwanao,
Cheche


Tarehe 9 Julai

Mwanangu Cheche,

Marahaba, marahaba mara mia. Mzee wa posta alikuja mwenyewe mpaka mlangoni, ameinua barua juu kama kombe. Nimemkaribisha chai, ameinywa, ameondoka hajaniuliza chochote. Ni mtu mzuri.

Kwanza habari ya kidole kidogo. Kikunje na ukinyooshe mara ishirini asubuhi na mara ishirini jioni, katika maji ya vuguvugu. Kama kinauma au hakiumi mimi sisemi, nimeshajifunza. Mpe salamu zangu yule binti wa stuli, na umwambie kwamba mimi ilinichukua miaka ishirini kujua kukaa chini.

Sasa mke wako. Mwambie ameuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza.

Kila nilipomaliza wodi nilikuwa naingia chumba cha mashuka, nafunga mlango, nakalia rundo la mashuka machafu mpaka nisikie naitwa. Wagonjwa walinitukana, na haki yao. Anayechunwa hatoi shukrani. Mama wa kitanda cha nane, aliyemwagikiwa na maji ya moto, hakuwahi hata kuniangalia usoni. Nilikuwa nikifika kwake nimeshachoka, nikiharakisha ili nimalize mapema, na nikiharakisha nilikuwa namwumiza zaidi. Nilijua hivyo, na sikuweza kujizuia. Wiki uliyoletwa wewe, nilikuwa na barua ya kuacha kazi mfukoni mwa gauni langu. Nilikuwa naitafutia siku.

Siku ya nne ukasema, "Asante Mama, imeingia." Umeniuliza kwa nini sikukurekebisha? Hukuniuliza, lakini nitakujibu. Nilijua sikustahili asante ile, nimeipata kwa maji. Lakini ilinifanyia kazi. Nilisukuma kigari mpaka kitanda cha nane, nikakaa, nikamfungua bandeji yule mama taratibu, bila kuharakisha. Kesho yake nikaitaka tena. Nawe ukaitoa tena, kila asubuhi, mpaka siku ya kutoka. Ile barua ya kuacha kazi niliipanguzia iodini. Nilibaki miaka minne zaidi, mpaka nikastaafu.

Kwa hiyo mwambie mke wako, nilikuwa na wewe.

Barua zako za kila Machi nilikuwa nazipokea kama mtu aliyevaa nguo ya kuazima, nikihofia mwenyewe atatokea. Hii ya Juni umeiandika unajua yote. Nimeisoma mara moja, nikaikunja, nikakaa nayo mapajani mpaka chai ikapoa, na sikumwogopa mtu. Hii ni yangu, mwanangu. Nimeipokea.

Mama yako